Joto la Namba Saba

Jumatatu, 8 Julai 1996
Kiwanda kizima cha sabuni sasa kimeungwa kwa waya mmoja wa zambarau. Nakaa mbele ya kompyuta, naita mashine kwa namba yake, inanijibu: mwendo, umeme, joto. Raha tupu! Ila namba saba, pampu ya mafuta, yazimika kila asubuhi. Joto limezidi, yasema. Bwana Zoher, mwenye kiwanda, kaniambia waziwazi: Dama, iponye kabla ya Ijumaa nikuandike kazi ya kudumu. La sivyo tuagane.

Jumanne, 9 Julai
Joto likapanda... 50... 58... 61 — kimya! Nikakimbia hadi kwenye kabati la saba, lenye vifaa vyake vya umeme. Halina kasoro, linapoa taratibu. Lina jini? Nimelitia feni mpya. Nikajifariji kwa mahamri ya Mwanakhamis, mpishi wa kantini. Laini hayo! Nilikula manne.

Jumatano, 10 Julai
Feni mpya, na saba imezimika tena. Bwana Zoher kapita bila salamu. Nalia kwa ndani.

Alhamisi, 11 Julai
Leo nimeiacha kompyuta, nikaenda kulilinda kabati lenyewe. Mara Mwanakhamis huyoo, na sufuria kubwa ya unga, kaivika blanketi, kaipandisha juu ya kabati — palepale penye matundu ya kupumulia! Nikapiga ukelele. Akanishangaa: mwanangu, baridi hii ya Julai unga utaumukia wapi? Hapa pana joto zuri! Ukiumuka tu nautoa.

Kumbe siku zote nakula ushahidi.

Tukaiondoa. Saba haikuzimika. Mahamri yakatoka magumu, ya kupigilia misumari. Wapakizi wamenuna. Bwana Zoher kang'ata moja, kalirudisha sahanini. Kesho ana wageni, anataka yale ya siku zote. Sikuthubutu kumwambia; atamfukuza mama wa watu.

Ijumaa, 12 Julai
Nimepata akili! Sufuria tumeihamishia juu ya kabati la namba nane, feni inayoondoa mvuke wa sabuni usijae ofisini kwa Bwana Zoher. Feni tu, nani ataijali? Mahamri yameumuka, mashallah! Bwana Zoher kaja, mdomo umejaa, kaona saba imetulia, kanipa mkono: Dama, wewe ni wetu. Kaenda ofisini kwa wageni kuchukua kalamu.

Nane: 54. Kumbe Mwanakhamis kapandisha sufuria ya pili, bado iko juu ya kabati! Namwashiria Mwanakhamis kule mlangoni aitoe. Anacheka, ananiletea hamri jingine.

59. Siyo hamri, mama!

61 —

Ofisini wameanza kukohoa.