Niliachwa Njiani, na Nilifurahi

Mpendwa mshauri, nishike mkono, maana jambo nililonalo siwezi kumwambia hata dada yangu wa damu, kila nikitaka kulisema linarudi lilikotoka, na sasa ni wiki ya tatu.

Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, nashona sare za shule, nina mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Mume wangu ameendesha basi la masafa marefu kwa miaka thelathini na minane, na kazini walimwita Dakika Kumi kwa sababu basi lake likisimama ili abiria wale, ni dakika kumi tu, ya kumi na moja anawasha injini. Alistaafu mwaka juzi, lakini dakika zake hazikustaafu. Nyumbani mimi bado natafuta chumvi yeye keshamaliza, na tukienda popote lazima akae kiti kinachotazama gari, mkono mmoja kijiko na mwingine funguo, hata kwenye harusi ya binti yetu alikaa hivyo, picha ninazo. Tangu anioe sijawahi kumaliza sahani safarini, mshauri, nimekula nusu nusu katika migahawa yote ya barabara kuu.

Sasa binti yetu aliona wazazi tumekaa sana ndani, akakodi gari la viti kumi na vinne, akasema twende ziwani siku tatu, familia na marafiki wa zamani, na baba ndiye aendeshe, kwa sababu angekodi dereva mwingine baba angekanyaga breki za hewani njia nzima. Akaalikwa kondakta aliyefanya naye kazi miaka ishirini, huyo tunamwita Twende mpaka leo, na akaalikwa rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili, nesi mstaafu, ambaye kazi ilimpeleka mbali na kwa miaka kumi na moja tumekuwa watu wa simu tu. Mimi na Nesi tukashika kiti cha nyuma kabisa, sisi na mikoba yetu na majaketi yetu.

Sisemi uongo, ziwani kulikuwa kuzuri, wajukuu hawakutoka majini, Twende alituigizia abiria wote wakorofi aliowahi kuwabeba mpaka mume wangu akafuta machozi kwa kicheko. Lakini kila tukiketi kula, dakika zikitimia, huyo ameinuka, anapapasa matairi. Nesi akianza kuniambia jambo la maana, tunaitwa.

Siku ya kurudi tukasimama kwenye mgahawa mmoja wa njiani, una meza za mbao na dirisha kubwa linalotazama uwanja wa magari, na mwenye mgahawa ni mama wa aproni nyeupe asiyejua haraka. Alisema kuku yuko jikoni, tusubiri kidogo. Mume wangu akasema, "Mama, tupe kilicho tayari," basi wote wakala mkate na mayai, wengine wamesimama. Mimi na Nesi tukamnong'oneza yule mama atuletee kuku hivyo hivyo, hata kama tutamfunga kwenye karatasi, tukaenda kunawa, tukarudi kwenye meza ya dirishani kumsubiri.

Hapo nje wenzetu walikuwa wanapanda. Twende akafunga mlango wa mizigo, kisha akaupiga kwa kiganja mara mbili. Katika kazi yao, mshauri, kupiga bodi mara mbili maana yake abiria wote wamo, ondoa gari. Twende hakuwa anampa mtu ishara yoyote, ni mkono tu umezoea, na mume wangu naye hakuwaza kitu, masikio yalisikia mara mbili na mguu ukatii. Nyuma kulikuwa na mikoba yetu na majaketi yetu, aliyetupa jicho aliona pamejaa. Twende akarukia mlangoni, gari likaanza kutoka.

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu. Niliona yote. Dirisha la mume wangu lilikuwa wazi, hatua kumi kutoka nilipokaa, ningegonga kioo tu angesikia. Nesi alikwisha kusimama na mkono juu. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwambia, "Kaa."

Akasema, "Wewe, shemeji anatuacha."

Nikasema, "Namwona. Kaa."

Kuku akaja.

Mshauri, nilikula. Nilikula kuku wa kuchoma ngozi ikivunjika vunjika, nikala wali unaotoa mvuke, nikala na viazi nisivyoviagiza, na nilipomaliza yule mama akauliza niongezwe nikasema niongeze. Nilitafuna mifupa mpaka ikawa myeupe kabisa. Na Nesi, akiwa na paja la kuku mkononi, akaniambia kwamba mwaka juzi alifanyiwa upasuaji mkubwa na hakumwambia mtu, alijisaini mwenyewe karatasi za hospitali, alilala wodini alikofanya kazi na waliomwosha ni wale aliowafundisha yeye kuosha wagonjwa. Nikalia, naye akalia, kisha akanisimulia alivyomgombeza daktari akiwa bado ana usingizi wa dawa, tukacheka mpaka watu wa meza ya pili wakacheka bila kujua sababu. Jambo kama hilo halisemeki kwa dakika kumi. Nilijiona nimeshinda vita.

Huko garini, mjukuu alipoomba maji ya bibi ndipo walipogeuka wakaona ni majaketi matupu. Simu ya Nesi ikalia, akawaambia tuko salama, tuko palepale, waje taratibu. Mume wangu akaingia mbio, shati limechomoka, wengine nyuma yake, akasema, "Miaka thelathini na minane sijawahi kumwacha abiria. Namwacha mama watoto."

Nikafungua mdomo niseme kweli, ukatoka uongo. Nikasema, "Tulikuwa tunanawa, kutoka hamkuwepo." Nesi akaangalia sahani yake. Basi mume wangu akaanguka kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu, mimi natazama dirishani yeye ananitazama mimi, akaweka funguo kando ya chumvi, akavuta ile sahani yangu ya nyongeza, niliyokuwa sijaimaliza, akaanza kula. Nikamwagizia yake. Wengine nao wakaagiza, meza zikaunganishwa, Twende kwa aibu akakataa kula mpaka Nesi alipomtia paja la kuku mkononi kwa nguvu. Tulikaa hapo saa nzima nyingine, ndicho chakula kitamu kuliko vyote vya maisha yangu.

Taabu ilianza nyumbani. Mume wangu ameacha kuendesha. Funguo za gari letu kaziweka kwenye droo ya vijiko, anasema kichwa chake kimeanza kwenda, dereva anayemsahau mkewe hafai kupewa roho za watu. Anakwenda sokoni kwa miguu. Ananiletea chai kitandani, anaosha vyombo, na mwanangu wa kiume akaja akamwambia, "Mzee, umechoka, ni kawaida," naye akaitikia kwa kichwa, yeye ambaye hajawahi kukubali kuchoka. Twende alipiga simu akilia, na tangu hapo hajafika kwetu. Mwezi ujao tulipanga sote twende nyumbani kwa Nesi, mume wangu anasema tafuteni dereva.

Nikimwambia kweli nitamponya, najua. Lakini atajua kwamba nilifurahi alipoondoka, na sivyo, au ni hivyo kidogo, na wakwe na watoto watanionaje. Nimwambie, au nizikwe nalo?

Ni mimi, Niliyeachwa kwa Hiari.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Niliyeachwa, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa na yote mawili.

Kwanza hongera kwa yule kuku. Sina hata neno moja la kukulaumu kwa kula. Mtu aliyekula nusu sahani tangu siku ya harusi ana haki ya kuongezwa, na rafiki aliyebeba upasuaji peke yake ana haki ya kusikilizwa hadi mwisho. Nesi alihitaji mtu wa kukaa naye, ukakaa. Hilo libebe kifua mbele.

Lakini mama, miaka yote hiyo hukuwahi kusema, "Mume wangu, bado nakula"? Unapima watoto wa shule mabega na viuno kwa sentimita, halafu tumbo lako mwenyewe ukamwachia dereva akukisie. Yeye alidhani unashiba. Hilo ni kosa lenu wawili, nawagawia nusu kwa nusu.

Kosa lako peke yako ni hili la wiki tatu. Kila asubuhi unakunywa chai ya mtu asiye na hatia. Anaamini akili inamtoka, mtoto wake mwenyewe amempa pole ya uzee, na wewe uko hapo, kikombe mkononi, unajua alivyoondoka. Hapo sikutetei. Kwanza hakukusahau. Mkono wa Twende ulipiga mara mbili, mguu wake ukatii, kama walivyofanya pamoja kwa miaka ishirini bila kumpoteza mtu. Kama kuna kitu kimedhihirika siku ile, ni kwamba masikio yake ni mazima na mguu wake ni mzima. Walikosea kwa kuijua kazi kupita kiasi, na aliyeweza kuwasahihisha kwa kugonga kioo alikuwa anasubiri kuku.

Na sasa nikuonyeshe ulichokiandika usikione. Unasema mume wako hawezi kuketi mahali asipoliona gari, hata harusini. Kisha unasema alipoingia mgahawani alikaa mbele yako, wewe ukitazama dirishani, yeye akikutazama wewe. Mama, dirisha lilikuwa nyuma yake. Gari lilikuwa nyuma yake. Funguo zilikuwa kando ya chumvi, na mkono uliozoea kuzishika ulikuwa kwenye sahani yako. Dakika Kumi aliligeuzia gari mgongo kwa saa nzima, na hakuna aliyemwomba.

Unaogopa atasikia kwamba ulifurahi kuwa mbali naye. Wewe mwenyewe unasema chakula kitamu kuliko vyote ulikila hapo, na sahani ya pili uliila naye akiwa mbele yako. Mwambie hivyo hivyo. Huyo mzee hajachoka, wala kichwa hakijaenda kokote. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika safari zake zote, alikuwa amefika.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje jioni. Mchana akimaliza kula, kabla hajakimbilia kuosha vyombo, mwambie aketi. Mwambie mkiwa wawili tu: nilikuona unaondoka, ningeweza kukuita, sikukuita, nilikuwa na njaa ya kukaa. Usijitetee wala usimtaje Nesi, uamuzi ulikuwa wako. Huenda akanuna siku mbili, anayo haki. Nami nadhani kabla ya jua kuzama atakuuliza kama kuku alikuwa mtamu kiasi hicho, nawe umjibu ukweli.

Kesho mwite mwanao wa kiume, arudishe ile pole yake palepale alipoitoa. Kisha mpigie Twende wewe mwenyewe, mwambie anasubiriwa. Ya wakwe usiyahangaikie, watacheka wiki moja na wakwe zako wanawake watakuonea wivu.

Mwezi ujao mnakwenda kwa Nesi, na dereva ni yule yule. Mtapita kwenye mgahawa wa yule mama wa aproni nyeupe, mtasubiri kuku aive, na Twende apewe mzigo wa kubeba mikono yote miwili mpaka uwe umepanda. Mume wako akikaa mahali pa kuona gari, usimhamishe. Mwagizie tu sahani ya pili, umwambie bado unakula.

Lakini hayo ni ya mwezi ujao. Leo mchana, ukiwa unapanga meza, fungua droo ya vijiko. Zitoe zile funguo kwa mkono wako, uziweke kando ya sahani yake, karibu na chumvi.