Kabati Lisilonijua

Kitahana, 4 Februari 2025

Mama, shikamoo. Mwakeye, umeamkaje? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo haujatulia.

Hapa zahanati tumeletewa kabati jipya la dawa. Linafunguka kwa dole gumba, langu au la mganga mfawidhi wetu, Gasper, basi. Langu kabati hulikataa, maana vidole vimelika kwa klorini ya kunawia. Juzi Gasper alikuwa semina Kibondo mjini, mzazi akatokwa damu, na vidonge vya kuizuia vimo humo. Nilibonyeza mpaka likakubali. Alipona kwa rehema tu. Nimelalamika, nimeambiwa nipake mafuta. Wewe umekuwa mkunga miaka thelathini, nishauri.

Mwanao, Vestina

Makere, 16 Februari

Vestina mwanangu, marahaba. Goti linauma likipenda.

Waliotengeneza hilo kabati nadhani hawajawahi kuzalisha hata mbuzi. Sisi tuliweka dozi moja kwenye kopo chumba cha kuzalishia, tukalifunga kwa plasta na kusaini juu yake. Anayefungua anaandika jina na saa. Hakuna aliyeiba, maana kila mtu alikuwa analiona. Ila mwambie Gasper kwanza, na asaini.

Mama yako, Asnath

Kitahana, 20 Machi

Shikamoo mama. Huku mvua na uzima.

Kopo niliweka. Gasper alilisifu, kusaini akakataa. Mkaguzi alipolikuta akasema naficha dawa, akaliondoa, nikapewa onyo la maandishi. Gasper alikuwa anatazama viatu vyake. Kosa jingine nafukuzwa. Nikilitii kabati, mzazi atakufa. Nisipolitii, wanangu watakula nini? Naogopa kila anapoingia mjamzito.

Mwanao, Vestina

Kitahana, 2 Mei

Shikamoo mama. Barua yako ya kunitaka nivumilie imefika, lakini imechelewa.

Jumanne mchana Maximilla, yule muuza maharage, alijifungua, damu ikakataa kusimama. Gasper semina tena. Nilibonyeza mara kumi na moja. Kisha nikachukua jiwe linalozuia mlango wa leba, nikavunja kabati. Maximilla yu hai. Mimi nimesimamishwa kazi.

Shamsi, fundi aliyekuja kulitengeneza, ndiye wa kwanza kuniuliza: “Dada, kwa siku unanawa mara ngapi?” Nikamwambia hata arobaini. Aliandika, ila kwenye kikao cha Jumatatu cha kuamua kesi yangu hana sauti.

Leo nimepewa fomu ya kukiri kuharibu mali. Saini haitoshi, wanataka na dole gumba. Nimechovya wino nikabandika mara tatu, mama. Limetoka doa tupu, halina mstari hata mmoja. Karani ameniambia nirudie.

Mwanao, Vestina