Nilivyomwandika Mama Anjela

Jumamosi

Sijui nilifikiri nini. Leo mimi na wanablogu wenzangu tumeandika kutwa nzima kuchangisha fedha za wodi ya watoto ya hospitali ya Nkoaranga, na kufika alasiri nilikuwa nimeishiwa cha kuandika. Nikaandika habari za jirani yangu, Mama Anjela, alivyolala njaa akimuuguza hospitalini humo mwanawe mdogo, anayemfuata Anjela. Na jina nikaweka. Michango ikamiminika, nami nikafurahi kama mjinga.

Jioni akaja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Anjela amerudi analia, wenzake wanamcheka. Kweli umenitangaza mtandaoni?"

Nilifuta palepale mbele yake, nikawaandikia wasomaji kwamba sikumwomba ruhusa. Nikamwomba anisamehe. Sikuweza kumtazama usoni.

"Ungeniuliza tu," akasema, "ningekuambia uandike, na jina langu uweke."