Kungwi Aliyempeleka Mwari Mzima Hospitali

Bi Hafsa mpendwa, asalaam aleikum, naomba msaada wako na nakusihi ukiisoma barua hii redioni usitaje mtaa wangu, maana kungwi wa kuwafunda wari wanaoolewa hapa ni mimi peke yangu. Nina miaka thelathini na minane, nimeolewa na Rafique mwaka wa tisa huu, yeye ni mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi huko Afungi, anakaa huko wiki sita anarudi kwa siku kumi na mbili, nami nampenda, lakini tukikutana kitandani mwili unajikaza wenyewe na unauma kama kidonda, na ile raha ninayowahadithia wari sijawahi kuionja hata siku moja, ila sauti zake nazijua zote kwa hiyo nazitoa, na Rafique anajisifu kwa wenzake kuwa ameoa chuo kizima. Wiki ya harusi yangu niliambiwa itauma na mke mwenye heshima hasemi, nami ndivyo ninavyowafundisha wenzangu.

Basi nikasikia hospitali kuna psicóloga, dotora Ivânia, anayewatibu wanawake wenye shida hii kwa mazungumzo na mazoezi, nikatamani, lakini kungwi mzima ataonekanaje mlangoni pale? Nikamchukua Cátia, mtoto wa dada yangu aliyeolewa mwaka huu, nikamwambia jifunike, nyamaza, mwari hasemi, anasemewa na kungwi wake, naye kwa desturi hakuuliza. Maswali akaulizwa yeye, majibu nikatoa mimi, yangu yote. Dotora akampa mazoezi ya kupumua na kulegeza mwili, akaagiza kwa wiki nne yeye na mumewe wapapasane tu, tendo lenyewe wasiliguse, na siku nyingine aje na mume. Mimi nikayashika mazoezi kichwani, nikasahau kumwambia binti kuwa hayamhusu.

Bi Hafsa, Cátia ni mtiifu. Wiki ya pili hii, na mumewe Aiuba ameshanijia mara tatu: "Mama, mke wangu kaanza kuumwa lini? Mbona mwezi jana tulikuwa tunacheka?" Sasa anasema Rafique akirudi Ijumaa atampelekea yeye mashtaka. Rafique akijua ukweli si ataniacha? Nifanyeje?

Kungwi Msiri

JIBU

Mtaa sijautaja, ingawa umeshataja kila kitu isipokuwa rangi ya mlango. Nilicheka, nikasoma tena, nikahuzunika.

Kwanza Aiuba wa watu, kijana amefunga na Ramadhani bado. Leo hii, kabla hujabandika sufuria, nenda kwa Cátia umwambie yale mazoezi yalikuwa yako. Usitunge habari za majini.

Sasa wewe. Hujarogwa, wala si kwamba humpendi mumeo. Uliambiwa itauma, mwili ukaamini, ndiyo maana unajikaza kabla hujaguswa. Kuukaripia hakusaidii, unafundishwa upya polepole. Jumatatu rudi hospitali kwa jina lako. Omba upimwe kwanza, isije ikawa kuna kidonda au ugonjwa, kisha uendelee na dotora, ambaye nadhani anakungoja, maana hakuna anayemsemea mwenzake kwa undani ule. Dawa za kujiwekea huko chini, kama unazitumia, achana nazo. Ukionwa mlangoni uonwe, utashangaa wangapi watakuomba muongozane. Na mwari atakayekuja usimfundishe tena kuvumilia maumivu. Hapo, dada yangu, umekosa, na nakwambia waziwazi.

Unayemwogopa hasa ni Rafique. Ni kweli atanuna, maana umempokonya sifa zake kambini. Mwache anune siku mbili. Siku kumi zilizobaki mtaanza mazoezi, na dotora atawapangia yanayofuata kwa ratiba ya likizo zake. Kama atakuacha au la, siwezi kukuapia, ila kumdanganya ndiko kulikokufikisha kwenye mashtaka ya Aiuba.

Ijumaa akishakula na kupumzika, kaa naye umwambie, "Rafique, huwa inaniuma." Usiongeze sauti yoyote. Mimi nisiyekujua umeniambia, na yeye amelala ubavuni mwako miaka tisa hajui.