Picha za Mdogo Wangu, Maneno Yangu

Jumamosi, 8 Machi

Jana filamu yetu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulijaa pomoni! Ule mji unaoelea juu ya mawingu ulipotokea, watu wote walivuta pumzi kwa pamoja. Mji huo kauchora mdogo wangu kwenye kompyuta yake, dirisha moja moja. Kisha wahusika wakaanza kuongea — maneno yangu hayo — na mtu wa nyuma yangu akaanza kutafuna bisi.

Kwenye gari mama kanisifia nguo. Nguo! Halafu akauliza, yule daktari si alikufa kwenye mlipuko, sasa aliyeokoa dunia mwishoni ni nani? Mdogo wangu akadakia: ni pacha wake, mama. Hakuna pacha popote kwenye skripti yangu. Kanitetea kwa uongo, na uongo wake ni mtamu kuliko hadithi yangu nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Magazeti. Mhakiki mmoja kaandika kwamba macho yanashiba, akili inalala njaa. Mwingine kashauri watu waitazame wakiwa wamezima sauti. Wazime sauti!! Sauti ndiyo mimi.

Wangejua kwamba picha zilitangulia. Mwongozaji alinibandikia michoro ya mdogo wangu ukutani, ukuta mzima, akasema haya, shona hadithi hapo. Nikashona. Mshono umefumuka, nalaumiwa peke yangu.

Ofisini kila anayepita anauliza, wewe ndiye dada yake? Ndiyo, nacheka, najikaza kisabuni. Nina wivu. Haya, nimeshaandika. Namwonea wivu mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake.

Alhamisi, 13 Machi

Mwongozaji kapiga simu. Kuna filamu ya pili, na kazi ni yangu! Niliruka. Kisha ulimi ukamteleza: alishapata mwandishi mwingine, ila mdogo wangu kagoma. Kasema bila dada hachori.

Kwa hiyo ni huruma. Fadhila za mtu niliyekuwa nampangusa kamasi! Nilitaka kukataa. Sikukataa. Kazi naitaka, naitaka kweli kweli.

Na safari hii, mwongozaji kasema, hadithi itangulie, michoro ifuate. Niipeleke Jumatatu asubuhi. La sivyo anamrudia yule mwingine, mdogo wangu agome asigome.

Ijumaa, 14 Machi

Sijaandika kitu. Nimefua mapazia.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu kaja bila kuitwa. Katandaza karatasi nyeupe mezani, kakaa kama mwanafunzi. Dada, leo mimi nakufuata wewe, tunaanza wapi?

Nikasema lolote: mwanamke anasimama mbele ya mlango. Akachora. Mlango tu, wa chuma, mwanga mwembamba chini yake — lakini jamani, mlango ule! Mwili ulinisisimka. Nikauchukia mlango huo papo hapo.

Akainua macho. Nyuma ya mlango kuna nini, dada?

Nikamwambia ngoja nichemshe chai.

Sasa niko jikoni, naandika, daftari liko juu ya friji. Maji yameshachemka, nimezima jiko, nimeliwasha tena. Kaita mara moja kutoka sebuleni: usiwe na haraka dada, wewe fikiria tu, mimi nipo. Kwa upole kabisa. Angenikaripia ningepata la kumjibu.