Mirija ya Wakwe Katika Kreti ya Soda

Busia, Jumapili alasiri.

Mvua inatupiga tangu tutoke kanisani, na bati linapiga kelele hata sijisikii nikiwaza. Nimejifunika blanketi miguuni, nina sahani ya karanga na penseli iliyobaki kipande. Nina furaha mpaka naona haya. Jana nusura nivunje posa ya dada yangu, na leo nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ngoja niandike kwa utaratibu, nisije nikasoma haya nikiwa bibi nikadhani nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilionja tu.

Niko likizo hadi Jumatano. Siku hiyo nitapanda gari la moshi pale Tororo, nirudi Nairobi na zoezi langu mkobani. Ofisi yetu ina kompyuta, mashine kubwa kuliko duka zima la Mzee Salim hapa mpakani. Imewekwa katika chumba chake chenye baridi, na wanaoingia humo ni waandishi wa programu peke yao. Sisi wasichana wa chumba cha nyuma tunatoboa kadi ambazo mashine huzisoma. Tak, tak, tak, kutwa nzima, tunatoboa yale ambayo watu wengine wameyafikiri. Sasa mwalimu wetu ametupa zoezi moja kila mtu. Likikubali ndani ya mashine, nahamia kwa waandishi. Likikataa, nabaki na tak tak yangu, na Baba keshasema wazi kwamba hakuuza ng'ombe anisomeshe ili nikatoboe karatasi mjini. Likikataa, nirudi nyumbani.

Nakitaka kile chumba chenye baridi. Nakitaka kupita kiasi.

Zoezi lenyewe ukilisikia utadhani ni mchezo wa watoto. Tengeneza ndani ya mashine seti ya majina, mwanzoni iwe tupu. Kisha uweze kutia jina, uweze kutoa jina, na uweze kuuliza, fulani yumo? Jina likishaingia lisiingie tena mara ya pili. Hakuna wa mbele wala wa nyuma, bora awemo tu. Na jibu litoke upesi, mashine isipekue majina yote moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Siri iko kwenye vyumba. Unaigawia seti yako vyumba kadhaa, halafu unatunga kanuni moja inayolitazama jina na kulitajia chumba chake. Ukimtia Wandera, kanuni inasema aende chumba fulani. Ukija kumtafuta Wandera baadaye, kanuni ile ile inakupeleka moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, wengine wote unawaacha walale.

Kanuni yangu niliitunga kwenye gari la moshi kabla hatujafika Nakuru, nikajipongeza kwa chai. Herufi ya kwanza ya jina! A chumba hiki, B chumba kile, twende hivyo hivyo. Nilijiona mjanja, we acha tu. Sikukumbuka hata kidogo kwamba mimi ni mtoto wa Busia.

Basi jana wakaja wakwe.

Ni watu wa Mulanda, upande wa Tororo, Wajopadhola, na kijana wao Opio, fundi wa baiskeli, ndiye anayemposa dada Nekesa. Wapenzi hawa wameshapatana zamani, kazi ilibaki kwa wazee. Na wazee wa huku, wa pande zote mbili za mpaka, hawapatani pakavu. Lazima kuwe na chungu cha pombe ya wimbi katikati, maji ya moto yanaongezwa, nao wamekizunguka, kila mzee na mrija wake. Mrija ni ufito wenye uwazi ndani, mrefu kumpita mwenyewe, na nchani una kichujio cha kusukwa. Mzee hutoka nao kwake na kurudi nao kwake. Kunywa kwa mrija wa mwenzako bila ruhusa ni sawa na kulala kitandani mwake, atakuuliza ulitaka nini hasa.

Wageni wakifika, wasichana wa nyumba huipokea mirija na kuiweka. Baba akisema karibuni chunguni, kila mtu hupewa wake. Wakienda kula, mirija inarudi kwetu. Chungu cha pili kikija, inatoka tena. Jana Mama alinipa mimi kazi hiyo. "Si wewe ndiye mtu wa mashine?"

Nikaona hapa hapa ndipo pa kujaribia zoezi langu. Nilienda kwa Mzee Salim nikaazima kreti tupu ya soda, ile ya mbao, nikaiweka chini kando ya ukuta. Ina vishimo ishirini na vinne. Herufi za Kiswahili nazo ni ishirini na nne. Nikaandika herufi kwa chaki, kila kishimo na yake, nikasema Mungu mwenyewe ameipenda kanuni yangu.

Wa kwanza kuingia ni baba yake Opio, Mzee Owor. Mrija wake nikautia kwenye O. Nyuma yake akaja Othieno. O. Akaja Okoth. O. Odongo, Okello, Obonyo. O, O, O. Nikajipa moyo kwamba wazee wetu Wasamia watanisaidia kujaza vishimo vingine. Akaingia baba mkubwa Ouma. Wakaingia Okumu na Ojiambo.

Lo!

Mzee Bwire peke yake ndiye aliyekaa kwenye B yake kama mfalme. Wengine wote nimewasokomeza kishimo kimoja, mirija imebanana kama kuni kwenye kamba, na vile vishimo vingine vinaniangalia tu. Ningejua nini? Ningejua kila kitu, nimezaliwa hapa! Huku mtoto wa kiume akizaliwa, O ndiyo inayomtangulia, na wa kike mara nyingi A au N. Herufi ile inakwambia tu kwamba ni mvulana. Nekesa alikuwa amejificha nyuma ya mlango, anacheka mpaka anajishika mbavu, na posa ni yake.

Baba akaita mirija. Nikaanza kuvuta mmoja mmoja kutoka kwenye lile tita, huu wa nani, huu wa nani, wazee wanangoja na koo zao kavu. Kwa haraka nikampa baba mkubwa Ouma mmoja uliofanana na wake. Akauchovya, akavuta mkupuo wa kwanza, akafumba macho kwa raha.

"Huyo mzee nakunywa na mrija yangu," akasema Mzee Owor, taratibu. "Sasa mimi nakunywa na mdomo ya nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba mkubwa alitoa mrija mdomoni, akabaki ameushika mbali na mwili wake kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Opio maskini akatazama viatu vyake. Nyuma ya mlango kicheko cha Nekesa kilikatika ghafla.

Mama, Mungu ambariki, alikuja na birika la maji ya moto, akauosha ule mrija mbele ya macho yao. Nikapiga magoti, nikampa mwenyewe kwa mikono miwili. Nikasema, "Baba, unisamehe, kosa ni langu. Niliitia yote chumba kimoja."

Mzee Owor akainama, akaichungulia kreti. Akanitazama mimi, akaitazama kreti tena.

"Nyumba iko mingi hivi, na watu yote unafungia kwa moja? Wewe binti, hii ni jela!"

Akaanza kucheka yeye, wakafuata wote. Baba mkubwa Ouma ndiye aliyecheka zaidi, nadhani kwa kuwa mkupuo ulikuwa umeshateremka. Nikaanza kuvuta pumzi.

Lakini Baba yangu hakucheka. Alinisubiri nipite karibu naye, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mashine ya Nairobi nayo umeipangia hivi hivi?"

Nikajifanya napeleka birika jikoni, kwa sababu ndiyo.

Walipoingia ndani kula kuku, mimi sikuwafuata. Nilichuchumaa mbele ya kreti nikafuta chaki yote kwa kanga. Nikajiambia, Nabwire, wewe mwenyewe jina lako ulilipataje? Nilizaliwa usiku. Mzee Bwire naye wa usiku, na Owor na Othieno ni usiku huo huo kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka. Okoth ni wa mvua, kama Wafula wa kwetu. Opio na Odongo ni majina ya mapacha, na Okello ni la mtoto anayewafuata. Nikachora kishimo cha usiku, cha mvua, cha mapacha, na vingine kwa waliobaki, kila mmoja kwa habari ya jina lake. Mirija ikatawanyika, kila kishimo na mmoja, wawili au watatu tu. Ukishafika kwenye kishimo chenyewe, kumjua mwenye mrija ni kazi ndogo.

Chungu cha pili kilipoletwa, niligawa yote kabla Baba hajamaliza kusema karibuni. Walipopumzika mirija ikarudi kwangu, Okumu akaaga mapema awahi kwake, nikautoa wake, hakuna uliotikisika. Okiru, wa kabila la Wateso kutoka Merikit, akaja amechelewa, na Okiru kwao ni mvua vilevile, nikamtia hapo pamoja na Okoth. Mzee Ojiambo alitoka nje, akarudi kwa mlango wa nyuma, akadai ndiyo kwanza anafika ili apewe karanga za mgeni mara ya pili. "Mzee, wewe umo tayari," nikamwambia, na mrija wake nikamwonyesha. Akacheka, akaenda kukaa.

Posa imekubaliwa. Waliondoka wanaimba, na Mzee Owor akaniita mkwe wake wa pili, nikamwambia wana wake wengine wangoje kwanza.

Leo sasa, baada ya kanisa, nikaanza zoezi upya. Ile kanuni ya jana haifai ndani ya mashine, maana mashine haijui mvua wala usiku, inajua namba tu. Ila kuna kitu kimoja nilichojifunza kwenye kreti nacho kinafaa popote: usimhukumu mtu kwa herufi iliyosimama mlangoni, sikiliza jina zima. Basi A nimeipa moja, B mbili, mpaka Z ishirini na sita, kwa herufi za Kiingereza maana ndizo za mashine. Najumlisha herufi zote za jina, nagawanya kwa vyumba ishirini na vinne, kile kinachobaki ndicho chumba.

Odongo, jumla sabini, baki ishirini na mbili. Okello, jumla sabini. Chumba hicho hicho! Moyo uliruka, kisha nikacheka. Si jana Owor na Bwire walikaa kishimo kimoja na hakuna aliyepotea? Chumba kinaweza kuwa na wawili, mradi ukifika mlangoni uulize kwa jina kamili. Na tangu lini Okello akamwacha Odongo? Opio akapata hamsini na tano, baki saba. Ni mbali na hao wawili, kama kijana anayejiandaa kuoa.

Nikamjaribu Nekesa. Hamsini na tano.

Nilihesabu tena. Hamsini na tano, baki saba! Nikapiga ukelele, Nekesa akaja mbio na unga mikononi, nikamwonyesha. "Chumba kimoja?" akasema, akafunika uso kwa mikono na unga wake wote. "Na mahari bado!"

Kelele zetu zikamleta Baba. Nekesa akakimbia. Baba akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa mdogo, akataka nimweleze yote tangu mwanzo. Nikamweleza. Aliyafuata majina kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho wa karatasi.

"Na wewe uko chumba gani?"

Sikuwa nimejitia. Nikajumlisha mbele yake: Nabwire, sabini na mbili. Nikagawanya kwa ishirini na vinne. Mara tatu kamili, hakuna baki. Na vyumba vyangu nilivihesabu kuanzia moja. Kile cha mwisho kingekaa kitupu milele, na mtu asiye na baki hana pa kwenda.

Kicheko chote kilinitoka. Nilitazama karatasi mpaka herufi zikaanza kucheza.

"Sina chumba, Baba."

Nilijua anachoweza kusema, kwamba chumba changu ni hiki hapa, chini ya bati hili. Akainuka, akaokota penseli iliyoanguka, akaniwekea mkononi.

"Basi jijengee. Gari la moshi ni Jumatano."

Ameenda kuangalia ng'ombe, na mimi nimejijengea. Ni kuongeza moja tu juu ya kila baki, kila mtu anasogea mlango mmoja, Opio na Nekesa wanahama pamoja. Nimeandika zoezi lote upya, kwa mwandiko safi. Seti tupu. Tia Owor. Tia Odongo. Tia Okello. Tia Opio, tia Nekesa. Tia Nabwire.

Mvua imepungua. Nimeiuliza karatasi swali la mwisho, nikafuata kanuni kwa kidole kama alivyofanya Baba.

Nabwire yumo?

Yumo. Chumba cha kwanza, hapo hapo ukifungua mlango.