Tumbo la Kwenye Picha Ni Langu

Pacha wangu Kulwa,

Mwangaluka. Nakusalimia kwa sababu mama yetu, mayu, alitufundisha kusalimia hata tukiwa na hasira, na mimi hasira ninazo. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma. Unataka nikutumie picha yangu ya sasa, bila shati, nimesimama kwenye mwanga. Jibu utalipata, ila kwanza unisikilize.

Unakumbuka mayu alivyokuwa akitugawia? Mapacha hawapewi tofauti, alisema, mmoja atanung'unika moyoni. Yai likiwa moja alilikata kwa uzi, akazilinganisha nusu zile kiganjani ndipo atupe. Kila mara ulidai yangu ni kubwa, nami nilikubadilishia. Hata chungu cha uji kilipopinduka nilikusukuma wewe kando, uji ukanimwagikia mimi. Kovu lake liko chini ya kitovu changu mpaka leo.

Tulipokua ulikwenda Maswa kubeba marobota ya pamba kiwandani. Mimi nikabaki Bariadi, dukani pale stendi, soda mkononi, chipsi kila mchana. Miaka ikapita, wewe ukawa na kifua, mimi nikawa na tumbo. Uliporudi ulinionea huruma, au nilidhani hivyo. Tukatafuta ekseli kuukuu ya mkokoteni, tukajaza saruji makopo ya rangi, tukawa na chuma chetu cha kunyanyua nyuma ya nyumba. "Moja zaidi, Doto, usinitie aibu!" ulinihimiza. Ukanipunguzia ugali, ukaniongezea maharage, dagaa na mayai. Mayu akalalama, Msukuma gani huyu anaacha ugali sahanini? Wewe ukanitetea. Nilikupenda sana siku zile.

Siku ya kwanza ya mazoezi ulisema, "Vua shati nikupige picha, tujue tulikotoka. Itabaki kati yetu." Niliona aibu, lakini nikavua. Ningemvulia nani mwingine?

Kisha ukahamia Dar. Siku moja mteja akaniletea simu dukani, anacheka mpaka machozi. Ni tangazo lako mtandaoni, picha mbili: wewe na kifua chako umeandikwa BAADA. Mimi na tumbo langu nimeandikwa KABLA. Chini yake umeeleza kwamba wote wawili ni wewe, umejibadilisha kwa wiki kumi na mbili, anayetaka programu ya mazoezi akuandikie. Wiki kumi na mbili! Na marobota ya Maswa je? Kovu langu linaonekana wazi kwenye Kabla, kwenye Baada halipo. Kumbe programu yako inafuta na makovu, hongera. Dar hawajui, lakini stendi nzima ya Bariadi inajua tumbo lile ni la nani. Tangu siku hiyo jina langu ni Kabla. "Kabla, nipimie sukari." Napima, nafunga, napokea hela.

Nilikupigia. Ukacheka: "Si sura moja, Doto? Tangu lini kukawa na chako na changu?" Hilo liliniuma kuliko picha yenyewe. Yaani malezi ya mayu uliyageuza kisingizio cha kuniuza.

Sikuacha chuma, lakini. Mwanzoni nilinyanyua kwa hasira mpaka mgongo ukanigomea, nikajifunza kuongeza uzito kidogo kidogo. Nikalala mapema, nikaacha soda, nikala kwa mpango, mwaka mzima na zaidi, bila mtu wa kunihesabia. Tumbo limekwisha, mabega yamekuja. Habari zimekufikia, na mimi zako zimenifikia: huko umenenepa, shati halifungi. Ndiyo maana unaitaka picha. Ulinifanya Kabla yako, sasa unataka niwe Baada yako pia. Huna hata haya, ndugu yangu!

Sikutumii. Na ile ya zamani iondoe, leo, si kesho. Ukitaka mwili, ekseli bado ipo nyuma ya nyumba. Njoo uinyanyue mwenyewe.

Asubuhi huwa nachemsha mayai mawili. Miezi yote hii, kwa mazoea tu, mkono wangu umekuwa ukisogeza moja upande wako wa meza, halafu nakumbuka, nalirudisha kwenye bakuli.

Leo nimeyala yote mawili.

Niliyekufuata kutoka tumbo moja,
Doto